Betri ya moyo na safari ya kurudi Remba

Tuseme una kaka anayevua samaki katika kisiwa cha Remba. Miaka miwili iliyopita alianza kuchoka upesi. Alikuwa akivuta nyavu pamoja na vijana, lakini baadaye akawa hawezi kutoka ufuoni hadi mlangoni kwake bila kusimama apumue. Miguu ikavimba. Usiku akawa hawezi kulala chali kwa sababu ya kubanwa na pumzi, ikabidi aegemee mito mitatu. Wengine wakasema ni nimonia, wengine wakasema amefanyiwa jambo na wenye wivu. Hatimaye ukamleta mjini, na hospitalini ukaambiwa kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu ipasavyo. Baada ya vipimo na miezi kadhaa ya dawa, madaktari wakamwekea kifuani kifaa ambacho watu wengi hukiita betri ya moyo na wauguzi hukiita pesimeka. Sasa kidonda kimepona, amechoka kukaa kwenye kochi lako, na kila jioni anakuuliza jambo lile lile: atarudi lini kisiwani?

Kaka huyu ni wa mfano tu, lakini swali lake ni la kweli, na si rahisi. Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay, katika maji yale yale ya Migingo, kisiwa kilichovuma mwaka 2009 kwa mzozo wa Kenya na Uganda. Nyumba za mabati zimebanana kama soko. Wanaishi humo Wakenya, Waganda na Watanzania, na kazi yao kubwa ni samaki: mbuta na omena. Kufika huko ni kwa boti, na ziwa likichafuka hakuna boti. Mtu mwenye kifaa cha moyo anaweza kuishi mahali kama hapo? Jibu letu ni kwamba wengi wanaweza, lakini hatari iliyo kubwa si ile ambayo watu huiogopa. Watu huogopa umeme, simu na radi. Linaloua zaidi ni dawa kuisha na tarehe ya kliniki kupita.

Kifaa chenyewe

Kwanza lazima ujue ndugu yako amewekewa kitu gani, kwa maana vifaa hivi si vya aina moja. Moyo huendeshwa na umeme mdogo sana unaoanzia sehemu yake ya juu na kushuka chini kwa njia maalumu. Njia hiyo ikiharibika, moyo hupiga polepole mno, na mtu huona kizunguzungu au huanguka. Pesimeka ya kawaida huleta umeme huo mahali pake. Ni kijisanduku chembamba cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye betri ndani, nacho huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Kutoka hapo waya mmoja au mbili hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Kifua hakipasuliwi, na mara nyingi mgonjwa hupewa ganzi ya mahali hapo tu.

Aina ya pili ina waya wa ziada unaokwenda upande wa kushoto wa moyo. Hii hutumika kwa baadhi ya watu ambao moyo wao umedhoofika na pande zake mbili hazipigi kwa pamoja, upande mmoja ukitangulia na mwingine ukichelewa, kama wapiga makasia wasiosikilizana. Kifaa huzifanya zivute pamoja, na mgonjwa aliyefaa hupata nafuu ya pumzi. Aina ya tatu ni kifaa cha kushtua moyo. Chenyewe hukaa kimya kikilinda. Moyo ukianza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, hutoa pigo la umeme ili kuurudisha katika mwendo wake. Kuna vifaa vinavyofanya kazi hizi zote kwa pamoja.

Iko pia pampu ambayo hushonwa kwenye moyo wenyewe na kusukuma damu badala yake. Aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney, aliishi na pampu hiyo kuanzia mwaka 2010 hadi alipopewa moyo wa mtu mwingine mwaka 2012. Lakini waya wake hutokea tumboni na betri zake lazima zichajiwe kila siku bila kukosa. Kwa mtu wa kisiwani tusidanganyane, hiyo haifai.

Historia ya betri hizi haina miaka mingi. Mtu wa kwanza kuwekewa pesimeka mwilini alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa chake cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu. Akawekewa kingine, na kingine, zaidi ya mara 20 katika maisha yake, naye akaishi hadi mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86. Daktari aliyempasua na mhandisi aliyetengeneza kifaa hicho wote walitangulia kufa.

Moyo bado ni mgonjwa

Sasa tuje kwenye kosa ambalo familia nyingi hulifanya. Mgonjwa hutoka hospitalini akiwa na kifaa, na nyumbani wote huamini kwamba amepona. Kwa nini ameze vidonge vinne au vitano kila asubuhi ilhali ana betri? Msomaji, betri husimamia mdundo. Haiondoi ugonjwa uliodhoofisha nyama ya moyo. Hata ile yenye waya wa ziada husaidia zaidi ikiwa dawa zinaendelea kumezwa.

Uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa ajili ya moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Kwa Wazungu ugonjwa huu ni wa wazee, lakini kwetu huwapata watu ambao bado wanasomesha watoto. Sababu iliyoongoza ilikuwa shinikizo la damu, karibu nusu ya wagonjwa wote, wala si kuziba kwa mishipa ya moyo kama ilivyo Ulaya. Na katika muda wa miezi sita, karibu watu 18 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa. Hesabu hiyo ndiyo inayotufanya tusisitize vidonge kuliko jambo lingine lolote katika makala haya.

Kwa hiyo kabla ya kumkatia kaka yako nauli ya boti kutoka Mbita, hesabu vidonge. Mtu wa Nairobi au Kisumu dawa zikimwishia Jumatatu, Jumanne anakwenda duka la dawa. Mtu wa Remba anasubiri boti, anasubiri upepo, halafu anasubiri duka la Mbita au Homa Bay liwe nazo. Awe na akiba ya mwezi mmoja juu ya zile anazotumia, zikiwa ndani ya kopo linalofungwa vizuri, mbali na maji na mbali na joto la bati. Wewe uliye mjini weka alama katika kalenda siku ambayo akiba hiyo inapaswa kujazwa, usingoje akupigie simu.

Kuna kidonge kimoja kinachostahili kuelezwa peke yake: kile cha kupunguza maji mwilini, ambacho wengi hukijua kwa jina la Lasix. Kinamfanya mtu akojoe mara kwa mara kwa saa chache. Ndani ya boti iliyojaa abiria, wanaume kwa wanawake, hilo ni jambo la aibu, na ndiyo sababu wengi hukiruka siku ya safari. Wengine hukiruka kila siku wanapokwenda kuvua. Baada ya wiki mbili miguu imevimba tena. Si lazima iwe hivyo. Mwulize daktari kama siku hiyo anaweza kukimeza baada ya kufika badala ya asubuhi. Mara nyingi jibu ni ndiyo, lakini mgonjwa haulizi kwa kuona haya na daktari wa mjini hakumbuki kwamba boti haina choo.

Pili, kilo. Mgonjwa wa aina hii hujipima uzito kila asubuhi, akiisha kwenda haja na kabla ya kula. Uzito ukipanda zaidi ya kilo moja kwa usiku mmoja, au kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, naye apige simu hospitalini kabla pumzi haijaanza kumbana. Mizani ya samaki iliyoning'inizwa ufuoni haimfai mtu. Mnunulie ile ndogo ya kusimamia, na kwa kuwa sakafu nyingi huko si sawa, mpe na kipande cha ubao cha kuiwekea. Aandike namba kwenye daftari.

Tatu, chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, ya mboga na ya mkate. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi hamfai kabisa mgonjwa wa moyo. Omena iliyoanikwa juani bila chumvi, ikaoshwa mchanga na kupikwa kwa nyanya na kitunguu, haina ubaya. Pombe, iwe bia au chang'aa, huudhoofisha zaidi moyo uliokwisha kupanuka, na Remba si mahali ambapo pombe ni ya kutafuta.

Nne, dawa za maumivu. Mvuvi huumwa mgongo na mabega, na kila kibanda kinauza ibuprofen na diclofenac. Dawa hizo huzuia maji mwilini na kuumiza figo, nazo zimewarudisha wodini wagonjwa wengi wa moyo ambao walikuwa wanaendelea vizuri. Paracetamol ni salama zaidi. Na kama anameza dawa nyingine za kila siku, za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI au za kifafa, daktari wa moyo aambiwe zote kwa majina, bila kuficha hata moja, kwa maana baadhi yake hugombana na dawa za moyo.

Mkono, nyavu na maji ya ziwa

Wiki nne hadi sita za kwanza, mkono wa upande wenye kifaa usiinuliwe juu ya bega wala usivute au kubeba kitu kizito. Waya zilizo moyoni hazijashika bado, na mvuto mmoja wa wavu wenye mbuta waweza kuziondoa mahali pake. Hilo lisimfanye afunge mkono kwa kitambaa mchana kutwa, kwa sababu bega litakakamaa. Autumie kwa kazi ndogo ndogo, kula, kuvaa na kuosha uso. Baada ya hapo, kazi ya nyavu hutegemea nguvu ya moyo wenyewe, na daktari ndiye wa kupima, si nahodha wala kaka.

Mpaka kidonda kifunge kabisa, asioge ziwani. Na hata baada ya miezi, sehemu hiyo ikivimba, ikiwa nyekundu, ikiuma, ikitoa usaha au ngozi ikiwa nyembamba mpaka chuma kinaonekana, aje hospitalini kubwa mara moja. Asikubali mtu yeyote achome sindano au apasue uvimbe huo kama jipu. Vijidudu vikiingia pale hufuata waya hadi moyoni, na mara nyingi kifaa chote lazima kitolewe.

Jaketi la kuelea majini ni lazima, na kwa mtu aliyezoea kuanguka au kuzimia ni lazima mara mbili. Wengine hulikataa wakisema mkanda wake unasugua kifaa. Weka kitambaa laini kati ya mkanda na ngozi, hoja imekwisha.

Umeme, injini na spika

Hapa ndipo hofu ilipo kubwa, na twaweza kupita upesi. Redio, televisheni, friji, taa za sola za kuvulia omena na pasi havina madhara. Radi haivutwi na kifaa. Mtu mwenye betri ya moyo hupigwa na radi kama mtu mwingine yeyote, na ziwa hilo lina radi nyingi usiku, kwa hiyo ajihadhari kama wenzake. Simu ya mkononi ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa: isiwekwe mfuko wa shati upande huo, na aisikilize kwa sikio la upande wa pili.

Injini ya boti inaponguruma asiiinamie ikiwa imefunuliwa. Sentimita 30 kutoka kwenye plagi na koili zake zinatosha, na vivyo hivyo kwa jenereta na inveta. Anayechomelea vyuma kwa umeme ni habari nyingine. Kazi hiyo asiishike bila kuuliza kliniki, na hata akipita tu asisogee karibu zaidi ya sentimita 60. Spika kubwa za baa zina sumaku yenye nguvu, asiziegemee kifua. Sumaku ikikaribia sana, pesimeka hubadili mwendo, na kifaa cha kushtua moyo chaweza kuacha kulinda kwa muda. Akiondoka, mambo hurudi kama kawaida.

Akija kukutembelea mjini, kwenye milango ya maduka makubwa na benki apite bila kusimama katikati ya kile kizimba. Mlinzi mwenye kifaa cha mkononi aonyeshwe kadi na aombwe asikishikilie juu ya kifua. Kadi hiyo, inayoandikwa aina ya kifaa, namba yake na tarehe kilipowekwa, isikae sandukuni. Itiwe ndani ya mfuko wa plastiki na iende naye hata majini. Wewe ipige picha uihifadhi kwenye simu yako. Na akipelekwa kupigwa picha ya mwili kwa mashine ya sumaku, au kufanyiwa upasuaji wowote, kadi itangulie yeye.

Je, ataongoza boti?

Wapenzi wa soka watakumbuka mambo mawili. Machi 2012 Fabrice Muamba, kijana mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akichezea Bolton, alianguka uwanjani jijini London na moyo wake haukurudia mdundo wake kwa dakika 78. Aliokoka, akawekewa kifaa cha kushtua moyo, na mwezi Agosti mwaka huo akaacha mpira kwa ushauri wa madaktari. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo mjini Copenhagen na kuwekewa kifaa kama hicho. Sheria za Italia hazikumruhusu kucheza nacho, akahamia Brentford ya Uingereza mapema mwaka 2022, akacheza tena hata Kombe la Dunia. Hao hawakuwa na ugonjwa uleule wa kaka yako, lakini tazama: kifaa ni cha aina moja, na majibu ni mawili. Kwa hiyo usipokee jibu la jirani ambaye shemeji yake alirudi kazini.

Swali la kumwuliza daktari si "anaweza kufanya kazi?" bali "akipoteza fahamu kwa dakika moja akiwa kazini, nani atakufa?" Mtu aliye na kifaa cha kushtua moyo akishika usukani wa injini usiku, na boti ina watu wanane, jibu ni zito. Uingereza mtu aliyewekewa kifaa hiki baada ya moyo kusimama haruhusiwi kuendesha gari lake kwa miezi sita. Ziwani hakuna polisi wa kuuliza leseni ya moyo, kwa hiyo familia na wenye boti ndio watakaoamua. Kwa maoni yetu, kuvua peke yake kwishe kabisa. Kupima samaki, kuuza, kushona nyavu na kusimamia boti ufuoni ni kazi pia, na katika Remba zina fedha.

Kifaa kikimshtua mara moja naye akajisikia vizuri, apige simu kliniki na apange kuonwa upesi. Kikimshtua mara mbili au zaidi, au mara moja na akabaki na maumivu ya kifua, pumzi fupi au kizunguzungu, boti itafutwe saa hiyo hiyo. Anayemshika wakati wa pigo hadhuriki, huenda akahisi msisimko tu.

Betri ya pesimeka hudumu miaka kama 7 hadi 15, ile ya kushtua mara nyingi chini ya hapo. Haizimiki ghafla kama tochi: huanza kutoa dalili miezi kadhaa kabla, lakini dalili hizo husomwa na mashine ya kliniki tu, na mashine hiyo haipatikani zahanati ya kisiwani. Iko katika hospitali kubwa zinazoweka vifaa hivi, kama Kenyatta jijini Nairobi, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Hivyo kila miezi 6 hadi 12, au mapema zaidi kwa kifaa cha kushtua, lazima avuke maji.

Gharama ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Mwulize ofisa wa hospitali mapema ni kiasi gani kitalipwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ni kiasi gani kitatoka mfukoni, sasa na siku ya kubadilisha betri. Liko pia tumaini moja. Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani hukusanya pesimeka za watu waliofariki, huzipima betri, huzisafisha upya na kuzipeleka nchi zenye uhitaji. Zilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, na matokeo yaliyotolewa Novemba 2024 yalionyesha kwamba kwa siku 90 za mwanzo hazikuwa mbaya kuliko mpya. Bado ni utafiti, si bidhaa ya dukani, na mtu akikuuzia pesimeka "iliyotumika" mtaani, mkimbie.

Basi jioni ya leo kaka yako akikuuliza tena, mketi na daftari. Andikeni majina ya dawa na idadi yake, uzito wake wa asubuhi hii, namba ya simu ya kliniki, jina la mwenye boti atakayekubali kuamshwa usiku wa manane, na tarehe ya kupimwa kifaa. Na nauli ya kumrudisha mjini tarehe hiyo ikifika, iweke wewe, usimpe aende nayo kisiwani.